Sanduku la Walezi: Semina imekwisha, darasa ni lile lile

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka huku kwetu, kati ya Moshi na Arusha, na nyingi zinagusa jambo ambalo ndilo kazi yangu ya kila siku: mtu mzima anayekaa na watoto wadogo kutwa nzima, naye anafundishwa na nani, na anafundishwaje? Nimezifupisha na kuondoa majina ya watu na ya vituo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa wenye vituo wengi wana kilio hicho hicho.

*Mwalimu, habari za kazi. Nina kituo cha kulelea watoto mchana hapa Pasua, Moshi. Watoto ni wa miaka miwili hadi mitano. Mwanzoni mwa mwaka niliwalipia walimu wangu semina ya siku mbili kwenye ukumbi mjini. Wamekula vizuri, wamepewa vyeti, wamerudi wamechangamka. Wiki iliyofuata nikaingia darasani: watoto wa miaka mitatu wamebanana kwenye benchi wanaimba a, e, i, o, u, mwalimu na kijiti chake anaonyesha ubaoni, kama zamani. Nimeumia, maana pesa ile ilitoka kwenye ada. Niwapeleke semina nyingine au nitafute walimu wapya?*
*Mwenye kituo, Pasua*

Usimwondoe mtu, na usilipie semina nyingine kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Walimu wako hawakukudharau. Aliyekaa ukumbini siku mbili akisikiliza habari za kona za ujifunzaji na kujifunza kwa michezo anarudi na maneno. Mikono yake bado ni ile ile. Jumatatu asubuhi anakuta benchi zile zile, mtoto mmoja analia anamtaka mama yake, mwingine amejikojolea, na mlangoni kuna mzazi anauliza mbona daftari la mwanawe halina kitu. Mtu akizidiwa hivyo hurudia lile alilolizoea, na alilolizoea ni jinsi alivyofundishwa yeye alipokuwa mdogo. Hakuna aliyejua kusukuma chapati kwa kusikiliza hotuba ya chapati. Alisimama jikoni kando ya mtu anayejua, akaharibu kadhaa, akaambiwa hapa unga umekuwa mwingi, jaribu tena.

Kwa hiyo mimi naamini, na nitaendelea kulisema hili hata kama linawaudhi wenzangu wanaouza semina, kwamba mafunzo ya mlezi yanaanza pale mwezeshaji anapoingia kwenye chumba chake, watoto wakiwemo. Nikiitwa kwenye kituo naomba kiti kidogo, nakaa pembeni na daftari. Siku ya kwanza sisemi neno. Naandika saa, naandika alichofanya mtoto, naandika alichosema mtu mzima, basi. Simkosoi mlezi mbele ya watoto wake wala mbele ya mwajiri wake. Watoto wakishalala au wakishachukuliwa, tunakaa mimi na yeye, ikipatikana chai tunakunywa, namsomea nilichoandika. Mara nyingi yeye mwenyewe ananikatiza: “Kumbe yule wa dirishani hakusema hata neno moja tangu asubuhi!” Hapo ndipo mafunzo yameanza, kwa sababu jambo ameliona yeye.

Kisha tunachagua kitu kimoja. Si vitano. Kwa walimu wako ningeanza na kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo mengi ya madarasani, na katika miaka ya 1970 akachapisha alichokikuta: mwalimu akishauliza swali hungoja kama sekunde moja tu, kisha analirudia, anamwita mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu walipozoea kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na wale waliokuwa kimya wakaanza kusema. Ukiingia katika vituo vyetu utasikia hivi: “Hii ni nini? Ni chungwa! Semeni chungwa!” Watoto wanaitikia chungwa, na hakuna aliyefikiri chochote. Mwambie mwalimu wako ashike chungwa, aulize, “Mnaona nini hapa?” halafu ahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, nne, midomo imefungwa. Mara ya kwanza atahisi kimya kile kinamchoma. Baadaye kuna mtoto atasema, “Lina kidonda,” mwingine atasema, “Bibi anayo haya Rau.” Ukisikia hayo jua darasa limefunguka.

Baada ya wiki mbili narudi kuangalia kitu hicho kimoja tu. Kikishakaa, tunachukua kingine.

Sasa nakuja kwako wewe, mwenye kituo, maana kuna mambo ambayo mwalimu hawezi kuyabadili hata umpeleke semina Ulaya. La kwanza ni idadi. Kwa darasa la awali kiwango kilichowekwa nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hao ni wa miaka mitano. Wa miaka miwili na mitatu wanahitaji kuwa wachache zaidi ya hapo kwa kila mtu mzima. Kama umewajaza chumbani wakafika 40, mwalimu atawakalisha kwenye benchi tu, kwa sababu benchi ndiyo njia pekee ya kuwaona wote. La pili ni benchi zenyewe. Ziondoe katika chumba cha wadogo, tandika mikeka. Weka kona ya kupika yenye vifuu na magunzi, kona ya kujengea yenye vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala, na kona ya vitabu hata kama vitabu ni vitatu. Maharage na punje za mahindi waachie wakubwa. Chini ya miaka mitatu vitu hivyo huishia puani na masikioni, na daktari yeyote wa masikio atakuambia amevitoa mara ngapi.

La tatu ni wazazi, na hapa ndipo vituo vingi vinaposhindwa. Mzazi wa Moshi analipa ada kwa jasho, kwa hiyo anataka kuona daftari limejaa. Mwalimu anajua, ndiyo maana anamshika mtoto mkono na kumwandikia. Ila mkono wa mtoto wa miaka mitatu haujawa tayari kwa penseli. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono inaendelea kukomaa kwa miaka mingi baada ya umri huo, na kinachouandaa mkono ni kufinyanga udongo, kuchambua mboga, kumenya ndizi ya kuchemsha, kucheza mdako. Usimwachie mwalimu peke yake jukumu la kumweleza mzazi haya. Waite wazazi Jumamosi moja, na badala ya kuwahutubia, wape kazi za watoto wao. Baba mzima akishapanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa, halafu mwalimu akamwonyesha kwamba hapo amelinganisha, amehesabu na ametumia vidole vile vile vitakavyoshika penseli, hatauliza tena habari za daftari. Na hata kwa wale wa awali, mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania ulioboreshwa mwaka 2016 ulipanga kipindi cha dakika 20, uliweka kona za ujifunzaji, na michezo imo ndani yake. Mwalimu anayecheza na watoto hajaiacha kazi aliyopewa.

Ukiamua kumlipa mwezeshaji, muulize mambo haya kabla hujatoa senti. Utakuja kuwaona walimu wangu wakiwa na watoto kabla ya kuwafundisha? Utarudi baada ya kuwafundisha? Utafanya mwenyewe mbele yao, na watoto wangu? Akisema ratiba yake haimruhusu, muage kwa heshima. Pesa za ukumbi, chakula na vyeti zinatosha kumleta mtu kituoni kwako mara kadhaa katika muhula. Pia pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, uliza kuhusu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Mafunzo yakipatikana chini yake, kituo kilichosajiliwa na kinachojulikana ofisini hapo ndicho kitakachokumbukwa.

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha nne. Nafanya kazi kituo kimoja hapa Ngarenaro, Arusha. Naitwa dada. Nawalisha watoto, nawaogesha, nawalaza. Mwalimu akiwa hayupo mimi ndiye nafundisha, ila akirudi naambiwa mimi si mwalimu. Nataka kusomea kazi hii. Kuna watu wameniambia nilipe ada yao, wanitoe na diploma kwa miezi mitatu. Nifanyeje?*
*Dada, Ngarenaro*

Marahaba mwanangu. Pesa yako itunze. Diploma haipatikani kwa miezi mitatu. Kozi fupi ya miezi mitatu inaweza kuwa nzuri sana, ila itakupa cheti cha kozi fupi, na anayeiita diploma anakudanganya. Kabla ya kulipa popote, uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kisha hakikisha huko NACTVET kwenyewe. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya chuo haitoshi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kazi hii ina milango miwili. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko upande wa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayotaka kisajiliwe. Darasa la awali, lile la kabla ya darasa la kwanza, liko upande wa elimu, na mwalimu wake anatoka chuo cha ualimu. Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kukaa na watoto wa umri gani. Kama moyo wako uko kwa hawa wadogo unaowaogesha, huna haja ya kwenda mbali: Kisangara, wilaya ya Mwanga, kuna kampasi ya Taasisi ya Ustawi wa Jamii inayofundisha malezi na makuzi ya awali ya mtoto. Kutoka Arusha unapanda gari la kuelekea Same, unashuka njiani. Kama unataka darasa la awali, chukua matokeo yako ya kidato cha nne uende nayo ofisi ya elimu ya jiji, wakuambie sifa za kujiunga kwa mwaka huu, kwa maana masharti ya vyuo vya ualimu yamebadilika mara kwa mara na sitaki uende na habari za mwaka juzi. Viko pia vyuo vya Montessori hapa nchini, vinavyofuata njia ya kufundisha watoto wadogo iliyoanzishwa na Maria Montessori, baadhi vinaendeshwa na masista wa Kikatoliki, na wanaotoka huko nimewaona wanajua kutengeneza zana kwa mikono yao.

Na kwa kuwa nimemtaja Montessori, nikusimulie. Maria Montessori alikuwa daktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa watu maskini mjini Roma, na aliyewekwa kukaa na watoto wale kila siku alikuwa binti wa bawabu wa jengo lile, msichana asiyesomea ualimu. Montessori alimwonyesha jinsi ya kutumia vifaa vya kujifunzia vya watoto, kisha akawa anakuja na kuangalia. Mengi yanayofundishwa leo katika vyuo vya Montessori yalionekana kwanza katika chumba kile. Sikuambii usisome. Soma, tena mapema. Ninachokuambia ni kwamba wanaokuita “dada tu” hawajui wanachokiona.

Mtoto anapooga na wewe, anajifunza majina ya mwili wake na kwamba mwili huo unastahili kuguswa kwa upole. Anapokula na wewe, anajifunza kungoja zamu yake, kuhesabu vijiko, kusema imetosha. Nunua daftari dogo. Kila siku watoto wakilala, andika habari za mtoto mmoja: amefanya nini leo ambacho jana hakuweza, amesema neno gani, amecheza na nani. Andika ulichokiona, usiandike “ni mtundu” wala “ni mvivu.” Siku utakapoingia chuoni ukaambiwa uandike taarifa ya maendeleo ya mtoto, utakuwa mbele ya wenzako wote. Na mwalimu wako akiwa hayupo na wewe ndiye unafundisha, liandike hilo pia, na tarehe yake. Ipo siku utakaa na mwajiri kuzungumzia mshahara.

*Habari mwalimu. Ninaishi Njiro, nafanya kazi ofisini hadi jioni. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Dada anayemlea ni msichana mzuri, mpole, kutoka Babati. Lakini kila nikipiga simu nasikia televisheni. Nikirudi mtoto ameketi mbele yake kimya. Maneno anayosema hayazidi matatu. Nimemwambia dada acheze naye, anasema “sawa mama,” na kesho ni vile vile. Nimfundisheje?*
*Mama, Njiro*

Mama mwenzangu, nianze na televisheni ili tuimalize. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Simu nayo ni skrini.

Ila nakuomba utazame siku ya huyo binti. Anaamka kabla yako. Anafua, anapiga deki, anapika, anaosha vyombo, na katikati ya yote hayo kuna mtoto anayeweza kufikia jiko au kuchungulia ndoo ya maji. Televisheni ndiyo msaidizi wake. Ukiizima bila kumpunguzia kazi, umemwongezea mzigo tu. Chagua kazi mbili zihamie jioni au Jumamosi, umwambie wazi: “Saa nne hadi saa tano asubuhi kazi yako ni mtoto, hata vyombo vikibaki.”

Halafu “cheza naye” ni agizo gumu kwa mtu ambaye hajawahi kuona mtu mzima akicheza na mtoto. Kwao watoto hucheza na watoto wenzao, wakubwa wako shambani. Usimweleze, mwonyeshe. Jumamosi kaa chini kwenye mkeka, yeye akae karibu, wewe uanze. Mtoto akinyoosha kidole kwa paka, sema, “Eeh, umeona paka. Paka amelala.” Kisha nyamaza umwangalie. Akitoa sauti yoyote, mjibu kana kwamba amesema sentensi nzima. Ni kama mchezo wa mpira: yeye anarusha, wewe unadaka na kumrudishia. Dada akishaliona mara mbili tatu, mwachie nafasi yeye, nawe usimkatize.

Kizuri zaidi ni kwamba hahitaji muda wa ziada. Baada ya vita ya pili ya dunia, mwaka 1946, daktari wa watoto Emmi Pikler alipewa nyumba ya kulelea watoto wachanga wasio na wazazi huko Budapest, Hungaria. Wahudumu walikuwa wachache na kazi ilikuwa nyingi. Aliwafundisha kuanzia na kile ambacho lazima kifanyike: kuogesha, kubadilisha nepi, kulisha. Mambo hayo yafanywe bila haraka, mtoto aambiwe kila kinachokuja kabla hakijafika, na asubiriwe ashiriki. Mwambie dada yako afanye hivyo hivyo: “Sasa nakuvua shati. Nipe mkono. Huu hapa! Na mwingine uko wapi?” Nepi tano kwa siku ni mazungumzo matano ambayo leo hayapo.

Vya kuchezea viko jikoni: sufuria mbili, vifuniko, mwiko, kikombe cha plastiki, viazi vya kutumbukiza na kutoa. Maji ni mazuri sana kwa mtoto, lakini mtu mzima awe hapo hapo. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu. Dada akitaka kumwimbia Kiiraqw au Kirangi, mwache aimbe kwa uhuru wote. Mtoto anahitaji maneno mengi kutoka kwa mtu aliyechangamka, na mtu huchangamka katika lugha yake.

Akifika miaka miwili na bado haunganishi maneno mawili, mpeleke kliniki, na uombe masikio yapimwe kwanza. Mwisho nakuuliza wewe: binti huyu ana siku ya mapumziko? Anakula mlichokula? Mshahara wake unalipwa kwa tarehe? Malezi ya mwanao kwa saa kumi za mchana yanategemea hali ya moyo wa msichana huyo, na mimi nisingemfundisha mtu mchezo wowote kabla ya kuyanyoosha haya.

*Mwalimu, kituoni kwetu Kaloleni, Arusha, kuna mtoto wa miaka miwili anang'ata wenzake. Wazazi wanataka aondolewe. Mwenzangu anasema tumng'ate naye aone uchungu wake. Unasemaje?*
*Mlezi, Kaloleni*

Msimng'ate. Mtakuwa mmemfundisha kwamba hata wakubwa hung'ata.

Kung'ata ni jambo la kawaida kati ya mwaka mmoja na mitatu, wakati mtoto ana mengi ya kusema na maneno bado hayajatosha. Wiki hii msiadhibu, angalieni: anang'ata saa ngapi, wapi, nani yuko karibu, nini kilitangulia. Vituo vingi nilivyokaa, ilikuwa muda mfupi kabla ya uji, au pale kwenye kigari kimoja kinachogombewa na watoto sita. Wahisheni uji, tafuteni vigari viwili vinavyofanana, na mlezi mmoja akae umbali wa mkono kutoka kwake katika saa ile ya hatari. Akianza kufungua mdomo, mzuie na umpe neno: “Sema, nipe.” Akiwahi kung'ata, mhudumieni kwanza aliyeumia, osheni jeraha kwa maji na sabuni, kisha mwambie yule kwa sauti ya kawaida: “Inauma. Sikuruhusu umng'ate.” Wazazi waambieni mnachokifanya, lakini jina la mtoto msilitaje. Litatajwa mtaani hadi aingie darasa la kwanza.

*Mwalimu, mimi ni mwalimu wa awali karibu na Himo. Wazazi wenyewe wananiletea fimbo, wananiambia “mchape huyu, nakuruhusu.” Nisipochapa wananiona dhaifu. Nisaidie nijibu nini.*
*Mwalimu, Himo*

Jibu lako liko kwenye sheria, na ni vizuri ulijue kwa kichwa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha, kisha kinaongeza kwamba hakuna adhabu inayohalalika kwa mtoto ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa sababu ya kuadhibiwa. Wako ni wa miaka mitano. Mzazi hawezi kukuruhusu kitu ambacho si chake kuruhusu.

Lakini ukimsomea mzazi kifungu mlangoni mtagombana. Mimi humwambia hivi: “Mama, nimekusikia, nyumbani anakuchosha. Fimbo iache kwako, hapa sina kazi nayo. Njoo Ijumaa ukae nami nusu saa umwone mwanao anavyofanya kazi.” Wengi hawaamini kama ni mtoto yule yule. Na wewe jipange: kanuni za darasa ziwe tatu tu, mzitunge pamoja na watoto, zichorwe ukutani, na ueleze kinachotakiwa badala ya kinachokatazwa. “Tunatembea ndani” inaeleweka kwa mtoto kuliko “acha kukimbia.” Msimu wa baridi wa Juni na Julai, mkiwa mmefungiwa ndani kwa mawingu, fujo huongezeka, watoeni nje hata kwa dakika kumi wakiwa wamevaa masweta.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa Uru. Namlea mjukuu wangu wa miaka minne. Mwalimu wake wa chekechea anasema ni mkaidi, akiitwa hageuki, na anasema niache kumsemesha Kichagga kwa kuwa ndicho kinamchanganya. Mimi naona akiniangalia usoni ananielewa vizuri.*
*Bibi, Uru*

Shikamoo bibi. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niiweke barua yako hapa. Mtoto anayeelewa akikuangalia usoni na hageuki akiitwa kutoka nyuma, huenda hasikii vizuri. Ukaidi tuuache kwanza. Jaribu hivi nyumbani: simama nyuma yake akiwa anacheza, asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida, kisha gonga sufuria. Fanya siku tofauti. Uangalie pia kama sikio linatoa usaha, au kama husikia vibaya zaidi akiwa na mafua. Usitie mafuta wala kijiti ndani.

Halafu mpeleke akapimwe. Anza na zahanati yenu ili upate rufaa, na hapo Moshi hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Usingoje afike darasa la kwanza.

Kichagga kisiachwe. Mtoto anaweza kukua na lugha mbili bila kuchanganyikiwa, na hicho ndicho unachoweza kumpa kwa hadithi na vitendawili kila jioni. Muwashie taa, akae mbele yako auone mdomo.

Mwalimu wake usigombane naye. Huenda ana watoto wengi na hakuna aliyemwonyesha dalili hizi. Mpelekee ukurasa huu. Mwombe amkalishe mtoto mbele, amguse begani kabla ya kusema naye, na aseme naye akiwa amemtazama. Na akitaka kujifunza zaidi kuhusu watoto wenye shida ya kusikia, Chuo cha Ualimu Patandi kule Tengeru ndicho kinachofundisha walimu wa elimu maalumu; aende aulize kama kuna kozi fupi. Majibu ya hospitali yakitoka, niandikie, bibi, unitumie na jina la kituo chake. Nitapanda Uru nikae darasani na huyo mwalimu.